Kipande cha Tatu

Riwaya za kihistoria mimi sizipendi, na sijawahi kumficha mtu. Unafungua ukurasa wa kwanza tayari unajua kijiji kitachomwa, chifu atasalitiwa, mama atalia. Sasa unasoma ili ujue nini? Mimi nipe kitabu cha upelelezi. Nipe maiti kwenye ghala la pamba, mlango umefungwa kwa ndani, na watu watano kila mmoja anaapa alikuwa kanisani. Hapo nitakuwa na kitu cha kuwazia njia nzima kutoka Kasulu mpaka kambini, hata mashimo ya barabara nisiyasikie.

"Theo, wewe unapenda damu isiyo na sababu," Leonidasi alikuwa akiniambia.

"Na wewe unapenda damu yenye tarehe," nilimjibu.

Leonidasi ni mtunza stoo wetu, mtu wa Kibondo. Alifanya kazi Mtendeli mpaka kambi ile ilipofungwa, akahamishiwa kwetu Nyarugusu na miwani yake na begi lake la vitabu. Mimi ni mwalimu wa cherehani kwenye kituo cha mafunzo ndani ya kambi. Ni Muha wa Titye, lakini nyumba yangu iko Kasulu mjini, nakwenda asubuhi na kurudi jioni kwa gari la shirika. Karakana inayopakana na darasa langu ni ya useremala, na mwalimu wake ni Josué, Mkongo wa upande wa Fizi, mkimbizi wa siku nyingi. Mtu mpole, mrefu, mkono wa kushoto hauna vidole viwili. Ukimuuliza anasema msumeno, na kwa seremala nani atauliza zaidi ya hapo.

Binti yake ni Providence. Aliingia kambini akiwa ameketi shingoni kwa baba yake, ana miaka mitatu, na kwao hakukumbuki hata kwa ndoto. Sasa ni mwanamke mzima, anawalea watoto kwenye banda la michezo, ana kicheko cha kuvunja vyombo na mdomo mkali kama wangu. Mama yake alifariki kwa homa njiani wakati wa kukimbia. Hivyo ndivyo baba yake alivyomwambia, na hivyo ndivyo tulivyojua sote.

Sisi wanne tulikuwa wasomaji. Kitabu kilikuwa kimoja na watu ni wanne, na hakuna kati yetu aliyekuwa na subira, kwa hiyo nilikuwa nakipasua. Ndiyo, nakipasua! Nakata mgongo wa kitabu kwa mkasi, nakigawa vipande vinne, kila kipande nakishona kwa uzi mnene na shazia, ile sindano ya magunia, kisha nakivika kitambaa kilichobaki darasani. Mwanzoni Leonidasi alikaribia kulia. Baadaye alizoea, akawa ananiletea vitabu vyake mwenyewe huku amegeuza uso, asione.

Kila mmoja alikaa na kipande wiki moja. Ikifika Ijumaa, nilichomaliza mimi kinakwenda kwa Josué, cha Josué kwa binti yake, cha binti kwa Leonidasi, na cha Leonidasi kinarudi kwangu. Kwa hiyo kuna aliyeanza na mwisho, na kuna aliyeanza katikati, na ndiyo ilikuwa raha yenyewe. Tulikutana darasani kwangu kabla gari halijaja kutuchukua mimi na Leonidasi, kila mtu anatoa neno lake juu ya kipande alichosoma: kizuri, kibaya, mwandishi kadanganya wapi. Marufuku kufichua. Atakayefichua anachemsha chai ya wote. Kuna riwaya moja ya upelelezi Providence aliianza kwa kipande cha mwisho, akamjua muuaji siku ya kwanza. Wiki zote zilizofuata mimi namshuku karani, nampangia ushahidi, yeye ananitazama kwa huruma. "Endelea, Mama Theo, uko vizuri," ananiambia. Kumbe muuaji ni mke wa mchungaji. Nilimnunia siku mbili.

Basi, mwaka huu mwanzoni mwa masika Leonidasi akaja na *Moshi wa Ubwari*. Alikinunua stendi ya Kasulu kwa muuza magazeti, nakala ilikuwa hiyo moja tu. Riwaya ya kihistoria, vita vya Kongo, ng'ambo ya ziwa. Mwandishi aliwahi kuishi hapa hapa kambini, kisha akapelekwa nchi za nje, akaandika huko. Nilipoona jalada lina moshi na mama mwenye mzigo kichwani nikasema, haya, tumeanza tena. Nikakipasua. Cha kwanza kikaenda kwa Providence, cha pili kwa Leonidasi, cha nne kwa Josué. Cha tatu kikabaki kwangu.

Nilikisoma kwa siku mbili. Sikuwa nimejiandaa.

Ijumaa ya kwanza nilipotakiwa kutoa neno nilisema, "Mwandishi huyu ana mkono mzuri na moyo mbaya. Kipande hiki kimeniharibia wiki."

Leonidasi akapiga makofi. "Mmesikia? Leo Theo kashikwa na historia!"

"Sijashikwa. Nimekasirika."

"Ndiyo kushikwa kwenyewe."

Providence yeye akasema kipande cha kwanza kinaenda taratibu mno, harusi kurasa ishirini, samaki kurasa kumi, lakini maneno ya yule bibi harusi anayapenda. Kisha ikaja zamu ya Josué. Yeye ndiye hasa mpenzi wa historia. Siku nyingine ukimpa nafasi, gari linaweza kutuacha. Siku hiyo alikuwa amekaa kwenye benchi, kipande cha nne kiko mapajani, anapapasa kitambaa.

"Ni kitabu," alisema.

"Papa, ni kitabu tu? Leo umekosa maneno!" Providence alicheka, akakichukua kipande cha nne mapajani mwake, maana zamu ilikuwa yake. Josué alikishika kidogo kabla ya kukiachia. Mimi nikampa Josué cha tatu.

Alhamisi iliyofuata wanafunzi wangu wakiwa wametoka, Josué aliingia darasani na kufunga mlango. Hajawahi kufunga mlango wangu. Alitoa kipande cha tatu ndani ya ovaroli, akakiweka juu ya meza ya kukatia.

"Mama Theo, fanya namna hii kipotee."

"Kipotee vipi, Papa Provi? Kitabu cha mtu hiki! Leonidasi atanimeza mzima."

"Kipotee tu. Kesho ni zamu ya mutoto. Minakuomba."

Nilianza kumfokea. Nilimwambia mtoto gani, mwanamke mzima yule, ana maneno kuliko bunge, na kama ni vita, amezaliwa katika vita. Nilimwambia kitabu kikatili kimesomwa na watu na hakijamuua mtu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akaweka mkono wake wa kushoto juu ya kile kipande.

"Ile dari ni ya kwangu," alisema.

Mana yanje, Mungu wangu. Nikakaa chini.

Nitawaambia kilichomo, maana bila hilo hamtaelewa. Kwenye riwaya mwanamke anaitwa Rebeka. Kwa kweli aliitwa Apoline, mke wa Josué. Watu wenye silaha walikuwa wanapita nyumba hadi nyumba wakitafuta wanaume. Josué alipanda darini, dari la matete. Apoline alikuwa amefiwa na mama yake siku chache nyuma, amenyolewa kichwa kwa msiba. Akafunga mtoto mgongoni, akasimama mlangoni, na walipomuuliza mume yuko wapi akawaambia, mimi ni mjane, tazameni kichwa. Wakatazama kile kichwa. Wakaamini. Wakaanza kuondoka. Mmoja, kijana tu, akarudi, akatoa biskuti mfukoni akampa mtoto mgongoni, akamuuliza kwa upole, baba yuko wapi? Mtoto akacheka, akanyoosha kidole juu.

Walipiga risasi darini, zikachukua vidole viwili vya Josué. Kisha wakamgeukia mwongo. Sitaeleza zaidi, mwandishi ameeleza kurasa nne na sikuwahi kumsamehe. Filimbi ikapigwa huko barabarani, wakakimbia wakiacha mtoto amekaa chini kando ya mama yake, bado ana biskuti.

"Huyu mutu aliyeandika alikaa nyumba ya pili na yangu," Josué alisema. "Nilikuwa na malaria, inanipanda kichwani. Akanichunga usiku. Nikamuambia. Mutu mumoja tu katika maisha yangu, Mama Theo. Na yeye akabadilisha majina akafikiri imetosha."

"Hakuomba ruhusa?"

"Aombe nani? Alishapanda ndege."

Nilimtukana yule mwandishi kwa Kiha, matusi ambayo marehemu bibi yangu angeyaonea fahari. Josué hakutabasamu.

"Mutoto akisoma kwamba nilikuwa juu nikasikiliza, sawa. Anichukie, sawa, ni haki yake. Lakini asisome ile kidole. Mutoto hakukosa. Tulimufundisha sisi wenyewe: mugeni akikuuliza, jibu."

Nililia. Mimi si mtu wa kulia mbele ya watu, lakini nililia mpaka nikatumia kitenge cha mwanafunzi kufuta pua. Yeye alisimama tu ananingoja nimalize, kama vile mimi ndiye niliyefiwa.

Asubuhi yake niliwasha pasi ya mkaa mapema kuliko kawaida. Nikafungua mfuniko, nikawa nachana karatasi moja moja na kuzitia kwenye makaa, kipande cha tatu chote, na kitambaa chake. Kisha nikapiga pasi sare za shule zilizokuwa zinangoja. Mwanafunzi mmoja akauliza mbona leo pasi inatoa moshi, nikamwambia afanye kazi yake.

Jioni ya Ijumaa hiyo Josué akasema alisahau kipande kwenye maranda, wanafunzi wake wakakiwashia moto wa kuchemshia gundi. Alisema vibaya sana, maskini, hajui kudanganya. Lakini ghadhabu ya Leonidasi ilimfunika.

"Kwenye maranda! Kitabu! Mtu mwenye akili zake anaweka kitabu kwenye maranda!"

"Mzee Leo, tulia, presha," Providence alimwambia. Kisha akamgeukia baba yake. "Lakini Papa, hapa umezingua kweli. Cha tatu! Nimesoma mwanzo, nimesoma mwisho, tobo liko palepale ninapopataka."

"Tusome kitabu kingine," nilisema. "Hiki hakina baraka."

"Thubutu! Mama Theo ndiye anayesema hivyo? Si wewe uliyenifundisha kwamba kitu kilichokosekana ndicho kinachosema?" Macho yalikuwa yanamng'aa. "Tufanye kama wapelelezi. Wiki ijayo kila mtu aje na jibu: kipande cha tatu kina nini. Mama Theo na Papa mmesoma, nyinyi ni mahakimu. Nipe cha pili."

Cha pili nilikuwa nacho mimi, nimekimaliza, na zamu ilikuwa ya Josué. Ningemnyima kwa sababu gani? Nikampa. Nilijiambia mwanamke huyu hatapata kitu, humo dari lipo lakini kidole hakipo. Josué alitazama nje, mvua ilikuwa inaanza.

Wiki ile sikusoma kitu. Nilishona vibaya, nikafumua, nikashona tena. Josué nilimwona kila siku akipiga randa mbao ambayo ilikuwa nyororo tayari.

Ijumaa ikafika. Leonidasi akatangulia kutoa jibu lake, na lilikuwa la kihistoria kama yeye mwenyewe: majeshi yakaingia kutoka kaskazini, mtumbwi wa kwanza ukazama, mke akafa maji. Alitaja mpaka jina la mlima. Nilitamani kumbusu. Nikasema haraka, "Umekaribia sana, Leonidasi. Umekaribia mno."

"Hajakaribia," Providence alisema. Hakuwa anacheka. "Mke hakufika majini. Kipande cha pili kinaishia wapi? Mume anapanda darini, mke kanyolewa kichwa kwa msiba wa mama yake, anamfunga mtoto mgongoni, wanabisha hodi. Cha nne kinaanzia wapi? Mume anatembea na mtoto shingoni, mkono umefungwa kitenge, mke hayupo. Sasa hesabu mwenyewe, Mzee Leo. Mke alibaki chini. Mume alibaki juu. Akasikia kila kitu."

Leonidasi alivua miwani. "Ego, ndiyo. Inaweza kuwa. Lakini angeshuka wangekufa wote watatu."

"Bora."

"Usiseme bora, mwanangu. Vita si kitabu."

"Mimi natoa neno langu kuhusu kitabu, si ndiyo sheria? Neno langu ni hili: mwanaume wa hivyo simhurumii. Mwandishi anataka tumhurumie, anamtembeza na mtoto shingoni kurasa mia tumwone baba mwema. Mimi sikudanganyika. Mwanamke anauawa kwa ajili yako, umelala juu ya matete unahesabu pumzi zako? Ningekuwa mimi huyo mtoto nisingemwita baba."

"Providence!" nilisema. "Chunga mdomo!"

"Kwa nini, Mama Theo? Wewe si umesoma? Nimekosea?"

Nilichukua kitambaa mezani, nikaanza kukikunja. Na hilo, bila shaka, lilimjibu.

Alikuwa amesimama. Akachukua kipande cha nne kutoka kwa Leonidasi, akakifungua karibu na mwanzo, hakuhangaika kutafuta. "Mtoto anauliza mama yuko wapi," alisema. "Baba anamjibu..." Akasoma, sauti imeshuka: "'Mama ametangulia kutandika mkeka. Tukifika, tutalala.'"

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Leonidasi alinitazama mimi, hajaelewa.

"Papa," Providence alisema, "maneno haya uliniambia wewe. Kila siku ya utoto wangu. Nikiamka nalia uliniambia Mama ametangulia kutandika. Nilidhani ni maneno ya kwetu, watu wote wanasema. Nimeuliza kina mama wa kijiji chetu kizima wiki hii. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuyasikia."

Josué aliuficha mkono wa kushoto ndani ya ovaroli.

"Nyoosha mkono."

Akaunyoosha, ule wa kushoto, mbele ya sisi sote. Providence aliutazama kwa muda mrefu, na mimi nilimwona akimuaga mtu ndani yake, sijui niseme vipi vizuri zaidi ya hapo. Nilitaka kusimama nimkumbatie, nikashindwa.

"Si msumeno," alisema.

"Si musumeno."

"Na si homa."

"Si homa, mama."

Nilidhani yamekwisha. Nilimshukuru Mungu, ni aibu kusema, nikawaza basi, amejua la dari, mengine yamezikwa kwenye pasi yangu. Lakini mimi nimesoma riwaya za upelelezi pamoja na msichana huyu miaka na miaka. Ningepaswa kujua hataishia hapo. Alikaa, akaweka viganja juu ya magoti, akaanza kufikiri kwa sauti, kavu kabisa.

"Kuna kitu kimoja hakinikai. Kichwa kimenyolewa. Mjane kabisa, na mtoto mgongoni. Walikuwa hawana sababu ya kutazama juu. Nani aliwaambia?"

Leonidasi akasema labda jirani. Providence akatikisa kichwa: nyumba ilikuwa peke yake kandokando ya mihogo, iko kwenye kipande cha pili. Labda waliona miguu? Dari lilikuwa limezibwa na magunia, liko kwenye kipande cha pili. Kila njia aliifunga yeye mwenyewe, moja baada ya nyingine, kama nilivyomfundisha. Ilibaki moja, na ilikuwa mgongoni mwa mama yake, na alikuwa bado hajageuka kuitazama.

"Mzee Leo," alisema, "nitafutie nakala nyingine. Kigoma, popote. Lazima nijue ni nani."

"Nitaagiza," Leonidasi alisema, mtu mwema, mpumbavu. "Nina shemeji yuko Kigoma."

"Usimusumbue muzee," Josué alisema.

Aligeuka akanitazama mimi kwanza. Sijawahi kuona macho ya kuomba namna ile. Kisha akamtazama binti yake usoni.

"Nilikohoa."

"Nini?"

"Walikuwa banaondoka. Vumbi ya magunia ikaniingia, nikakohoa. Ningeweza kujizuia. Sikujizuia."

Providence hakupiga kelele. Kama angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alisimama, akaweka kipande cha nne juu ya cherehani yangu, taratibu, kitambaa juu. "Alikufa kwa kikohozi," alisema, si kwa mtu yeyote. Kisha akasema, "Umenilea ili nisikuulize." Akatoka kwenye mvua bila kuchukua khanga yake.

Honi ya gari ikalia nje. Leonidasi ikabidi nimshike mkono kumpandisha.

Siku ile ile Providence alihamia kwa Akimana, mwenzake wa banda la watoto. Alichukua sufuria moja na nguo zake. Kambi nzima ilisema yake: wengine walisema kafuata mwanamume, wengine walisema baba yake ni mlevi, na Josué maisha yake hajaonja pombe. Hakumkanusha mtu. Alijipikia ugali wake wa muhogo, akala peke yake, kazini akaja kwa wakati. Nilimwambia mara moja tu, tukiwa wawili, "Papa Provi, utakufa na hili." Akanijibu, "Bon, sawa. Nitakufa nalo. Yeye ataishi." Nikamwacha.

Ijumaa hatukukutana tena. Mimi sikuweza kufungua riwaya, ya aina yoyote. Nilikuwa nikikaa kwenye gari natazama mashimo.

Masika yalikuwa yanakwisha Providence alipokuja darasani kwangu. Alikuwa amekonda. Alisalimia, "Shikamoo Mama Theo," akakaa kwenye benchi la wanafunzi, akaanza kuokota vipande vya uzi sakafuni na kuvikusanya kiganjani.

"Mzee Leo amekipata kile kitabu," alisema. "Kizima. Shemeji yake kamletea kutoka Kigoma. Kiko stoo. Nimekwenda nikakishika, sikukifungua."

Nikaendelea kuingiza uzi kwenye sindano, haukuingia.

"Nataka kukuuliza kitu, na nakuuliza wewe kwa sababu wewe hujui kumbembeleza mtu," alisema. "Najiuliza kila siku. Kikohozi tu? Watu hukohoa. Nikijua kweli ni kikohozi tu, nitajua nimchukie kiasi gani. Labda siku moja kitapungua. Lakini kuna siku nalala nahisi kuna kitu kingine, kitu kibaya zaidi. Naota biskuti, Mama Theo. Mimi sijui hata kwa nini. Naota mtu ananipa biskuti, naamka natetemeka."

Nikaweka sindano chini.

"Wewe ulikisoma. Niambie kama ilivyoandikwa. Kweli alikohoa?"

Alikuwa ananitazama kama anavyomtazama mtu anayekaribia kumtaja muuaji. Kidole kimoja kilikuwa kinazungusha uzi. Nilikitazama kile kidole, nikaona nikikitazama sana ataona, nikainua macho.

"Alikohoa," nilisema. "Imeandikwa hivyo. Alikohoa, wakageuka."

"Hakuna kingine?"

"Hakuna kingine, mwanangu. Biskuti ni njaa tu. Mlikuwa na njaa njiani."

Akapumua. Mabega yakashuka, na uso wake ukafanya kitu ambacho nilikuwa nimekisahau: ukawa wa msichana. Halafu ukakaza tena.

"Basi sina haja ya kukisoma," alisema. "Mwambie Mzee Leo akipeleke kwake Kibondo. Nisikione hapa."

Akamwaga nyuzi kwenye ndoo ya takataka, akaaga, akatoka. Nilimfuata mpaka mlangoni. Ilimbidi apite mbele ya karakana ya useremala, hakuna njia nyingine. Josué alikuwa amesimama mlangoni pake na randa mkononi. Providence alipita karibu naye kiasi cha kumgusa, hakugeuza shingo, hakumsalimia.

Josué hakumwangalia akienda. Aliniangalia mimi. Nikainamisha kichwa, ndiyo, ameamini. Akafumba macho kidogo, akanishukuru kwa midomo bila sauti, akarudi ndani kufanya kazi.